Kufanya Kazi ya Kampuni ya Nje Ukiwa Dodoma: Anza na Majina, Benki na Umeme

Tangu UVIKO-19 ilipofunga ofisi mwaka 2020, kampuni nyingi za teknolojia za Ulaya na Marekani zimezoea kumwajiri mtu ambaye hazijawahi kumwona ana kwa ana. Mwaka 2022 na 2023 kampuni hizo hizo zikapunguza watu kwa maelfu, na baadhi zikawarudisha waliobaki ofisini. Nafasi za kufanyia kazi nyumbani zimebaki, ila foleni imerefuka: kijana aliyemaliza chuo pale UDOM anagombea nafasi moja na mtu wa Lagos, wa Krakow na wa Buenos Aires.

Wengi wanaokwama hapa kwetu hawakwami kwenye kuandika programu. Wanakwama baada ya kupata ofa. Jina la benki halifanani na la pasipoti, malipo ya kwanza yanarudishwa, umeme unakatika katikati ya kikao cha tatu mfululizo, na mwajiri anaishiwa subira. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mambo ambayo watu huyaacha ya mwisho. Ukiyamaliza hayo kwanza, ndipo utume maombi.

Majina yafanane, herufi kwa herufi

Chukua kitambulisho cha NIDA, pasipoti, kadi ya benki, cheti cha TIN na cheti cha chuo, uvipange mezani. Jina likiwa na "Mohamed" huku na "Mohammed" kule, au majina matatu kwenye NIDA na mawili benki, hilo ni tatizo la kutatua sasa. Mifumo ya kuhakiki utambulisho inalinganisha herufi, haijui kwamba ni mtu yule yule. Anza na NIDA, maana benki na TRA husoma kutoka huko kwa namba yako ya tarakimu 20. NIDA ikishakuwa sahihi, peleka marekebisho benki. Kama cheti cha shule ndicho kimepotoka, wakili atakuandalia hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Iweke kwenye faili pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza.

Pasipoti si ya kusafiria tu. Mifumo mingi ya nje inaisoma bila shida, lakini ikiona kadi ya NIDA inasita. Omba pasipoti kabla ya kuanza usaili, kwa sababu ofa ikija utapewa siku chache tu za kujithibitisha.

Jambo lingine dogo linalosumbua sana ni anwani. S.L.P. haikubaliki kwenye fomu nyingi za malipo; wanataka mahali unapolala. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilizipa nyumba namba, barabara majina na kata postikodi ya tarakimu 5. Tafuta ya kwako kwenye mfumo wa NaPA au kwa mtendaji wa mtaa, kisha itumie kwa namna ile ile kila mahali: benki, mkataba, ankara. Ukiandika "karibu na kanisa, Ilazo" kwenye fomu moja na namba ya nyumba kwenye nyingine, utaombwa ushahidi wa makazi mara mbili.

Njia tatu za kuajiriwa

Njia ya kwanza ni ukandarasi huru: unasaini mkataba wa huduma moja kwa moja na kampuni, unatuma ankara kila mwezi, na kodi unajilipia mwenyewe. Hii ndiyo inayotumika zaidi kwa mtu wa Tanzania, kwa kuwa kampuni haina haja ya kufungua ofisi nchini. Ya pili ni kupitia kampuni ya katikati kama Deel, Remote au Oyster, ambayo inakuajiri kisheria kwa niaba ya mteja wake au inasimamia tu mkataba wako wa ukandarasi. Uliza ni lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu nembo ni moja lakini haki ni tofauti kabisa: mwajiriwa ana likizo ya malipo, NSSF na kodi ya mshahara inayokatwa kabla fedha hazijamfikia, ilhali mkandarasi hana hata kimoja. Njia ya tatu ni kuajiriwa na tawi halisi la kampuni hiyo hapa nchini. Nafasi za aina hiyo ni chache, na nyingi ziko Dar es Salaam.

Kwenye mkataba wa ukandarasi, usisaini kabla ya kuona mambo haya yameandikwa: sarafu ya malipo, siku ya malipo (siku 30 baada ya ankara ni kawaida, 60 ni nyingi mno kwa mtu mmoja), nani anabeba makato ya benki, notisi ya kuvunja mkataba kwa pande zote mbili, na nini kinatokea kwa kazi iliyokwishafanyika kama mkataba ukivunjwa katikati ya mwezi. Haki ya msimbo (maandishi ya programu) unaoandika itakuwa ya kampuni. Hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni kifungu kinachodai hata ulichoandika kabla hujawajua, au unachoandika Jumamosi kwa kompyuta yako mwenyewe. Ambatanisha orodha ya miradi yako ya zamani na uombe iondolewe kwenye kifungu hicho. Mara nyingi wanakubali bila hata swali.

Ukiwa mtumishi wa umma, na Dodoma imejaa watumishi, pata kibali cha mwajiri wako kwa maandishi kwanza. Mkataba wa nje unaokudai saa 8 kwa siku hauwezi kukaa kwa siri pamoja na ajira ya serikalini pale Mtumba.

Fedha zitapita wapi

Fungua akaunti ya dola kwenye benki yako, CRDB, NMB, NBC au nyingine, pembeni ya akaunti ya shilingi. Omba barua yenye jina la akaunti, namba, anwani ya tawi, msimbo wa SWIFT (utambulisho wa benki yako kimataifa) na, muhimu sana, jina la benki ya kati wanayotumia kupokea dola. Msimbo wa SWIFT una herufi 8 au 11. Wa CRDB unaanza na CORUTZTZ, wa NMB na NMIBTZTZ. Tanzania haitumii IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya Ulaya. Fomu ya mwajiri wa Ulaya ikikudai IBAN, chagua nchi kwanza. Zilizotengenezwa vizuri hubadilika na kukupa nafasi ya namba ya akaunti. Isipobadilika, mwandikie mhasibu wao, usijaribu kubuni.

Makato ndiyo yanayowashangaza wengi. Uhamisho wa SWIFT unaweza kupitia benki mbili au tatu, na kila moja inachota chake. Mtumaji anachagua nani alipe: OUR ni yeye, BEN ni wewe, SHA mnagawana. Kawaida huwa SHA. Ankara ya dola 1,500 inaweza kuingia pungufu kwa dola 15 hadi 30, na mwenye kukata hajulikani vizuri. Ndiyo sababu malipo ya kila wiki kwa SWIFT ni hasara. Omba ya mwezi, au ya wiki mbili kama mambo yamebana. Payoneer ni njia nyingine: unapewa maelezo ya akaunti ya kupokelea, kisha unahamishia benki yako ya hapa. Linganisha jumla ya shilingi zinazokufikia mkononi, usiangalie ada pekee, kwani ada ndogo huweza kujificha nyuma ya bei mbaya ya kubadilishia. PayPal kwa akaunti za Tanzania imejulikana kwa kulipia zaidi kuliko kupokelea, kwa hiyo usiiandike kwenye mkataba kama njia yako kabla hujajaribu kupokea na kutoa kiasi kidogo. Huduma za kutumiana fedha za ndugu, zinazoingia moja kwa moja kwenye simu, nyingi zinakataza malipo ya biashara, na akaunti ikifungwa fedha hukaa humo wiki kadhaa.

Benki yako nayo itauliza fedha zimetoka wapi. Peleka nakala ya mkataba na ankara ya kwanza kabla malipo hayajafika, ofisa akuwekee kwenye faili. Ukisubiri zifike ndipo uitwe, mwezi wa kwanza utaishi kwa mkopo.

Kumbuka pia kwamba kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza na kulipa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini. Kupokea dola kutoka nje ni halali. Mwenye nyumba wa Area C anayetaka pango kwa dola ndiye mwenye kosa, nawe ukimlipa umeingia naye.

Ankara iwe na namba ya mfululizo, tarehe, jina lako kama lilivyo benki, anwani, TIN, jina na anwani ya kampuni, kipindi cha kazi, siku au saa, jumla, tarehe ya mwisho ya kulipa, na maelezo ya benki. Ukurasa mmoja unatosha.

Kwa kampuni ya Marekani utaletewa fomu ya W-8BEN. Hii inasema wewe si mtu wa Marekani kikodi. Ukiletewa W-9 kwa bahati mbaya, usijaze. Hiyo ni ya watu wao. Kwenye W-8BEN andika anwani ya makazi (hapa ndipo S.L.P. inakataliwa wazi), TIN ya TRA kwenye nafasi ya namba ya kodi ya nje, na sehemu ya pili ya mikataba ya kodi iache wazi, kwa kuwa Tanzania na Marekani hazina mkataba huo. Tarehe zao zinaanza na mwezi. Mtu aliyezaliwa tarehe 4 Machi anaandika 03-04, na akikosea anakuwa amezaliwa Aprili na hafanani tena na pasipoti yake. Fomu inaishi hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini. Kazi ikifanyika ukiwa Tanzania, kipato hicho hakihesabiwi kuwa cha Marekani, kwa hiyo kile kikato chao cha asilimia 30 hakikuhusu.

TRA na bei ya kazi yako

Mkazi wa Tanzania anatozwa kodi kwa kipato cha popote duniani. Fedha kutua Payoneer na kukaa huko hakubadilishi chochote. Viwango vya mtu binafsi Tanzania Bara, kwa mwezi: hadi 270,000 hakuna kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya ziada, hadi 760,000 ni 20,000 na asilimia 20 ya ziada, hadi 1,000,000 ni 68,000 na asilimia 25, juu ya hapo ni 128,000 na asilimia 30 ya kila kinachozidi milioni. Mkandarasi anahesabiwa kwa mwaka, zidisha mipaka hiyo kwa 12, na anatozwa kwenye faida baada ya kutoa gharama za kazi zenye risiti. Makadirio unawasilisha miezi 3 ya kwanza ya mwaka, na unalipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwisho ni ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kuisha. Usidhani utawekwa kwenye ile kodi ya makadirio inayokokotolewa kwa mauzo tu, kama mwenye duka Sabasaba. Huduma za kitaalamu zina utaratibu wake, na mhasibu anayejua hilo ana thamani kuliko ada yake.

Sasa bei. Kosa la kawaida ni kuchukua mshahara wa hapa, kuongeza kidogo, na kuugeuza kuwa dola. Fanya kinyume. Tuseme unataka ubaki na Sh 3,000,000 kwa mwezi baada ya kodi. Faida kabla ya kodi inatakiwa iwe 4,040,000: kodi yake ni 128,000 kujumlisha asilimia 30 ya 3,040,000, yaani 1,040,000. Ongeza gharama za kazi: intaneti mbili, umeme, uchakavu wa kompyuta, mhasibu, makato ya benki. Weka 760,000. Jumla ni 4,800,000 kwa mwezi, 57,600,000 kwa mwaka. Mwaka una siku za kazi 260. Toa sikukuu kama 17, likizo 20 ambazo hakuna atakayekulipa, na siku 5 za ugonjwa. Zinabaki 218. Bei yako ya siku haipungui Sh 264,000, au 33,000 kwa saa. Igawe kwa bei ambayo benki yako inanunulia dola siku hiyo (si ile ya kuuzia), kisha ongeza asilimia 10 kwa ajili ya shilingi ikiimarika. Bima ya afya na uzeeni havimo kwenye hesabu hii. NSSF wanapokea waliojiajiri, na mchango huo uongeze juu.

Baadhi ya kampuni hulipa kwa kuangalia unakoishi. GitLab, kwa mfano, imekuwa ikieleza hadharani kwamba mahali unapoishi ni sehemu ya hesabu ya mshahara. Si dharau, ni sera. Ila usitaje mshahara wako wa sasa. Taja bei ya kazi.

Umeme na intaneti

Kabla ya kulipa pango la miezi 6 Iyumbu au Nzuguni, simama nje ya nyumba uulize nguzo ya faiba ya karibu iko wapi na majirani wanatumia nani. Viwanja vipya vinapata nyumba nzuri mapema kuliko vinavyopata nyaya. Faiba ya TTCL au ya mtandao mwingine iwe njia kuu, na laini ya simu ya kampuni nyingine iwe ya akiba. Laini na faiba vikiwa vya kampuni moja, huna njia mbili.

Pima kwa ping (amri inayotuma pakiti, yaani vipande vidogo vya data, na kuhesabu vinavyorudi) ya mara 100, asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Pakiti zinazopotea zisizidi asilimia 1. Kasi kubwa ya kupakua haikusaidii kama sauti yako inafika vipande vipande; kwa vikao angalia kasi ya kupakia na mtetemo wa muda (jitter, kuyumba kwa muda wa data kufika), usiozidi milisekunde 30. Kikao cha video cha watu wengi hula takriban GB 1 kwa saa au zaidi, hivyo bando la akiba la GB 5 ni la dharura ya siku moja, si la mwezi. Ukiunganisha kompyuta kwa simu, tumia waya wa USB badala ya waifai ya simu.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na karibu mitandao yote nchini ikayumba kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo laini tano hazikusaidii. Kinachosaidia ni kuwa na hazina ya msimbo iliyopakuliwa, nyaraka za lugha unayotumia zikiwa ndani ya diski, na vifurushi vya programu vimehifadhiwa ili mradi ujengeke bila intaneti. Jaribu kuzima waifai Jumamosi moja uone kama mradi wako unawaka.

Umeme ni hesabu. Kompyuta mpakato inayofanya kazi hula wastani wa wati 45, skrini ya pembeni 25, ruta 10, na kile kisanduku cha faiba ukutani 8. Jumla 88. Betri ya jeli ya volti 12, Ah 100, inatakiwa itumike nusu tu isife mapema: wati-saa 600, inveta ile kidogo, zinabaki kama 520, sawa na karibu saa 6. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo inatumika asilimia 80 na kufika karibu saa 10. Bei yake ni kubwa, lakini umeme ukikatika kila siku ndiyo rahisi mwishowe. Inveta ya wati 600 ya wimbi safi inatosha. Mwambie fundi aiwekee soketi zake peke yake, kwa sababu siku moja mtu wa nyumbani atachomeka pasi.

Wengi hukisahau kile kisanduku cha faiba. Ruta ina betri, kompyuta ina betri, intaneti haipo. Ukitumia UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta, usidanganyike na "mAh 8,800" ya kwenye boksi: hiyo ni kwa volti 3.7, yaani wati-saa 32 hivi. Ikibeba ruta na kisanduku pamoja, wati 18, utapata kama saa moja na nusu. Umeme ukirudi hurudi kwa kishindo, kwa hiyo chaja na skrini zipite kwenye gadi yenye kuchelewesha dakika chache. Na uniti za LUKU kuisha saa nne usiku wakati bosi wa Toronto anaongea, hiyo si TANESCO.

Mambo mawili ya Dodoma yenyewe. Upepo wa kiangazi unaleta vumbi jekundu linaloziba feni ya kompyuta. Ikianza kuunguruma kwenye kikao na msimbo unajengeka polepole, fungua mfuniko upulize kabla hujalaumu programu. Mvua za Desemba hadi Aprili zikipiga bati lisilo na dari, hakuna maikrofoni itakayokuokoa. Chumba cha kazi kiwe chenye dari, na usaili wa msimu huo uombe wa asubuhi ukiweza.

Saa zao na saa zetu

Dodoma iko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, mwaka mzima. Ulaya husogeza saa yake kwa saa moja: mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, nyuma ya mwisho ya Oktoba. Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Saa 9:00 asubuhi (saa tatu) ya Berlin ni saa nne asubuhi kwetu wakati wa kiangazi chao, saa tano wakati wa baridi. Ya London ni saa tano au saa sita. Ya New York ni saa kumi au kumi na moja jioni. Ya San Francisco ni saa moja au mbili usiku. Machi ndiyo ya hatari: kikao kinawahi kwa saa moja na wewe unaingia wenzako wakiaga. Kwenye barua pepe andika saa kwa mfumo wa 24 pamoja na UTC, usije ukaandika 3:00 ukimaanisha asubuhi.

Kwa mtazamo wetu, mtu wa Dodoma alenge Ulaya kwanza. Tofauti ni saa moja hadi tatu, unafanya kazi mchana na unalala usiku. Kazi ya California inalipa, lakini vikao vya saa sita usiku kwa mwaka mzima vinakula afya na ndoa.

Kutafuta na kujibu

Soma tangazo kwa kutafuta mipaka. Likisema Marekani pekee, liache. "EMEA" maana yake Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, kwa hiyo umo. Likidai tofauti isiyozidi saa 3 na Berlin, umo pia. Tafuta kwenye kurasa za kampuni zenyewe, LinkedIn, We Work Remotely, na ule uzi wa ajira wa Hacker News unaofunguliwa kila mwezi siku ya kwanza ya kazi.

Wasifu uwe kurasa mbili, zisizidi. Ondoa picha, dini, hali ya ndoa, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi na wadhamini watatu. Juu kabisa andika: Dodoma, Tanzania, UTC+3, na saa unazopatikana kwa saa zao. Chini yake, kazi mbili au tatu zenye kipimo: ulipunguza nini, kutoka ngapi hadi ngapi, kwa njia gani. Mradi mmoja wa GitHub (tovuti ya kuwekea msimbo) wenye maelezo ya kuuwasha na majaribio yanayopita unazidi miradi ishirini iliyoachwa njiani.

Kwenye usaili, kamera iwe imewashwa na usijifiche nyuma ya VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwingine) kuonekana uko kwingine. Tangu serikali ya Marekani ilipotoa tahadhari Mei 2022 kuhusu wafanyakazi wa Korea Kaskazini wanaojipatia ajira kwa majina ya bandia, kampuni zimekuwa kali sana: eneo lisilolingana na maelezo ni sababu ya kukatwa. Kwa sababu hiyo hiyo, usimkodishe mtu akaunti yako ya Upwork (soko la kazi la mtandaoni) wala LinkedIn, hata akikuahidi asilimia.

Utapeli nao uko upande wa pili. Mwajiri wa kweli hakudai ada ya usajili, wala hakutumii fedha ununue vifaa kwa muuzaji aliyemchagua yeye. Mtego mbaya zaidi kwa watengeneza programu ni jaribio lenye msimbo wa kuiba nywila: unaambiwa pakua mradi, uwashe, urekebishe kosa. Fungua package.json, faili la maelezo ya mradi, kwanza usome sehemu ya scripts, yaani amri zinazojiendesha. Ukiona postinstall (amri ya baada ya kusakinisha) inayoita faili lisiloeleweka, acha. Sakinisha kwa npm install --ignore-scripts, na jaribio lolote la mtu usiyemjua liendeshe ndani ya mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) isiyo na nywila zako. Kuzima scripts peke yake hakutoshi, kwa sababu sumu yaweza kukaa ndani ya msimbo wenyewe ikisubiri uuwashe.

Miezi mitatu ya kwanza

Adabu yetu ya kusema "sawa, nitajaribu" inasomeka kwao kama ahadi. Kama kazi haitaisha Ijumaa, sema Jumatano. Kila siku andika mistari minne: nilichomaliza, ninachofanya, kilichonikwamisha, ninachohitaji na kwa nani. Ukikwama zaidi ya saa moja, uliza kwenye chumba cha wote, usimfuate mtu mmoja faraghani. Huyo mmoja huenda yuko kitandani, na kwenye wengi jibu hufika mapema.

Linda akaunti. Namba za siri za kuingilia zisije kwa SMS, maana laini ikisajiliwa upya na mwizi ameingia kote. Tumia programu ya namba za uthibitisho au ufunguo wa USB, na misimbo ya akiba uichape uifungie kabatini. Kampuni ikikupa VPN yake, kumbuka kwamba TCRA ilitoa tangazo Oktoba 2023 linalotaka watumiaji wa VPN wajisajili. Omba barua ya mwajiri inayoeleza matumizi, kisha ujisajili.

Mwisho, kaa na msimamizi wako mkubaliane mapema juu ya siku intaneti isipokuwepo kabisa, kama ilivyotokea nchini wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025. Iandikwe: nani atapigiwa simu ya kawaida kwa namba ya nje, vocha ya simu za kimataifa iwepo, kazi ipi ina mtu mwingine anayeijua, na siku hizo zinahesabiwa kuwa likizo, bila malipo, au za kufidia wikiendi. Mkandarasi ambaye mkataba wake haujasema kitu, siku hizo atazilipia yeye.